Televisheni, friza na kiwanja: nani aamue nini nyumbani

SWALI

Naishi Sakina, Arusha. Niko mwaka wa tisa kwenye ndoa na tuna watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa watalii, akiingia porini anaweza kukaa siku kumi. Mimi nauza mitumba ya watoto soko la Kilombero, hapa Arusha. Mwaka juzi mwezi wa nane alirudi na televisheni kubwa na seti ya sofa, sikuulizwa chochote. Mvua zilipokuja magari yakasimama, nikalipa kodi ya nyumba na ada ya watoto kwa mtaji wangu. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja nikakopa kwenye kikoba nikanunua friza, jioni nauza barafu, juisi na mtindi hapo nyumbani. Sikumuuliza, kwa kuwa naye hakuniuliza televisheni, nikaona tumelipana. Amekasirika mpaka leo. Anasema nimemdharau, nyumba haiwezi kuwa na vichwa viwili. Sasa anataka kununua kiwanja Usa River. Je, ni lazima niombe ruhusa kutumia hela yangu? Maamuzi ya manunuzi tugawane vipi? Na kiwanja kiandikwe jina la nani?

JIBU

Dada yangu, swali lako la kwanza jibu lake ni fupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ileile aliyonayo mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na inasema kwamba kufunga ndoa peke yake hakuhamishi mali ya mmoja kwenda kwa mwenzake. Hela ya mitumba ni yako, na hakuna kifungu kinachokutaka uombe ruhusa ya kununua friza. Lakini shemeji naye ana haki hiyohiyo juu ya tipu zake. Ukimwendea na sheria mkononi atakujibu kwa sheria, na mtalala kila mtu akiwa na haki yake na ada ya mwezi wa nne haina mwenyewe. Kwa hiyo tuiweke sheria pembeni mpaka tufike kwenye kiwanja, ambako inahitajika kweli.

Soma tena barua yako, uangalie nani amenunua nini. Yeye: televisheni, sofa, kesho kiwanja. Wewe: kodi, ada, na bila shaka unga, mafuta, sabuni, LUKU na daladala za watoto siku ambazo hela ya matumizi aliyoacha imekwisha na yeye yuko Serengeti hapatikani hewani. Hujaviandika hivyo vya mwisho kwa sababu hata wewe huvihesabu. Vyake vinaonekana sebuleni, vyako vimeliwa na kuvaliwa mpaka vikaisha. Ugomvi mwingi wa manunuzi ninaoletewa, Arusha na huku Moshi, chimbuko lake ni hapo, na wahusika wenyewe wanadhani wanagombania bei au heshima.

Jambo hili lina mizizi mirefu huku kwetu. Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa, kahawa ilikuwa zao la baba. Ilipelekwa chama cha msingi, ikauzwa kupitia KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933, na malipo yakaja kwa mkupuo, mara chache kwa mwaka. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mama: mkungu mmoja leo, lita mbili kesho, kwenye masoko kama Marangu Mtoni na Himo. Mkupuo wa kahawa ukanunua mabati, redio, ng'ombe wa kisasa, ada ya sekondari. Hela ya ndizi ikanunua chumvi, mafuta ya taa na daftari. Mtu akiuliza nyumba ile imejengwa na nani, jibu lilikuwa tayari: baba, kwa kahawa. Hakuna aliyeuliza baba alikuwa anakula nini kahawa ikiwa bado mtini.

Nyumba yenu ya Sakina inaendeshwa kwa mtindo huohuo, ila kahawa imegeuka utalii na ndizi zimegeuka mitumba. Hela ya mkupuo inamshawishi mtu kununua kitu kikubwa kitakachokaa, maana anajua baada ya wiki tatu haitakuwepo. Hela ya kila siku inaitwa na mahitaji ya kila siku. Kwa hiyo sidhani shemeji alileta televisheni ili kukudharau. Alitoka porini na mkupuo wa mwezi wa nane, msimu ukiwa kileleni, akataka ndani ya nyumba yake kuwe na kitu kinachoonyesha jasho lake. Hiyo ni haja ya kibinadamu na naomba uiheshimu.

Nawe, ulipoleta friza, uliingiza ndani ya nyumba kitu kikubwa cha kwanza kinachoonekana kuwa ni chako. Ninavyoisoma barua yako, hasira yake imeanzia hapo. Vitu vikubwa vilikuwa upande wake, na hakuna aliyemwambia kwamba utaratibu umebadilika.

Wako watafiti waliolichunguza suala hili miaka mingi. Mwaka 1974 Harry Davis na Benny Rigaux walichapisha utafiti wao juu ya wanandoa wa Ubelgiji. Hawakuridhika kuuliza "nani anaamua?" Waliligawa kila nunuzi katika hatua tatu: nani wa kwanza kuona kwamba kitu kinahitajika, nani anatafuta habari na bei, na nani anatoa uamuzi wa mwisho. Wakakuta kwamba kwa vitu vingi mikono inabadilika kutoka hatua moja kwenda nyingine. Mke aliyeona hitaji si lazima awe ndiye anayetafuta bei, na aliyetafuta bei si lazima aamue peke yake.

Nyumba za hapa zinahitaji hatua mbili zaidi, nazo ndizo zinazouma: nani analipa, na nani anakihudumia kitu baada ya kununuliwa. Televisheni ya shemeji inaomba kifurushi cha king'amuzi kila mwezi, na yeye akiwa porini anayelipia ni wewe, kwa sababu watoto wanalia. Friza yako inakula umeme saa ishirini na nne. TANESCO ina bei nafuu kwa wateja wa nyumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa ndani ya kiwango hicho ikiongeza friza inaweza kutoka, na kuanzia hapo kila uniti inapanda bei, hata ile ya taa na pasi. Je, mlipiga hesabu hiyo mkiwa pamoja? Nadhani hapana, kama ambavyo king'amuzi nacho hakikupigiwa hesabu.

Msimamo wangu ni huu: atakayebeba gharama za kuendesha kitu lazima awe na sauti kabla hakijanunuliwa, hata kama hakutoa senti moja ya kukinunulia. Mkishika hilo peke yake, zaidi ya nusu ya magomvi yenu yatakosa pa kusimama.

Sasa kuna jambo ambalo sitakuunga mkono, na nakwambia kwa nia njema. Unailinganisha televisheni yake na friza yako: yeye hakuniuliza, nami sikumuuliza, basi tumelipana. Havilingani. Yeye alinunua kwa fedha taslimu, ikatoka na ikaisha. Wewe ulikopa. Kikoba wanadhaminiana, ukikwama kwenye marejesho, wadhamini wako ndio watakaobanwa, na wakibanwa watakuja nyumbani kwenu. Mkopo unaichukua hela ya miezi ijayo kabla haijapatikana, na miezi ijayo mnaishi wawili pamoja na watoto. Mume ana haki ya kujua deni lililomo ndani ya nyumba yake, kama ambavyo wewe ungetaka kujua angekopa yeye. Nashukuru ni kikoba. Ingekuwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ningekwambia uache kusoma hapa ukamweleze leo hii.

Kwa hiyo mazungumzo yaanze na friza. Andaa daftari. Ukurasa wa kwanza: umekopa kiasi gani, umesharejesha kiasi gani, imebaki kiasi gani na itaisha lini. Ukurasa wa pili: barafu, juisi na mtindi vinaingiza kiasi gani kwa wiki, ukitoa maziwa, sukari, vifungashio na umeme. Usimpambie. Kama faida ni ndogo, iandike ndogo. Kisha mwambie kwa kinywa chako kwamba suala la mkopo ulipaswa kumshirikisha. Ukimaliza, nyamaza. Televisheni usiitaje siku hiyo. Najua inauma kuiacha, lakini ukiitaja ataacha kusikiliza daftari na kuanza kujitetea.

Siku nayo ichague. Usiku anaorudi kutoka porini usianze, maana mwili wake bado uko barabarani. Mwache alale, aoge, awaone watoto, apeleke gari lioshwe. Siku ya pili au ya tatu, watoto wakiwa shule, kaeni. Kama kuna mtu mzima anayemheshimu, mama yake, msimamizi wenu wa ndoa, padri au shehe, usimwite katika kikao hiki cha kwanza. Akiitwa mapema, shemeji ataona ameshtakiwa.

Mkishamaliza friza, siku nyingine mchore mwaka wenu. Naona jambo hili kuwa na maana kuliko mengine yote, kwa sababu kipato cha utalii kina kalenda inayojulikana. Magari yanatoka sana kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi. Yanatoka tena karibu na Krismasi hadi mwezi wa pili. Mwezi wa nne na wa tano, masika, yanasimama. Matumizi nayo yana kalenda: Desemba mna nauli na mahitaji ya kwenda nyumbani kwa wazazi, Januari ada na sare, kodi miezi sita kwa sita au mwaka, kisha masika ambayo hayana hela lakini yana tumbo. Shule za serikali ada imefutwa tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita, lakini ninyi mmechagua shule ya kulipia, na huo pia ni ununuzi, mkubwa kuliko televisheni. Ulijadiliwa na nani?

Ninachopendekeza ni kwamba kila msimu mkubwa ukianza, vitu vinne vitengwe kabla hamjazungumzia kitu chochote cha sebuleni: ada ya awamu inayofuata, kodi, chakula cha miezi miwili ya masika, na kurudisha mtaji wako uliokwenda nyumbani. Hili la mwisho naomba ulisimamie. Mtaji wa mitumba si hela ya nyumba. Ulipolipa kodi kwa mtaji, biashara yako iliikopesha familia, na deni hilo liandikwe na kulipwa mwezi wa saba tipu zikianza. Mfanyabiashara wa Kilombero anayefungua belo moja la mitumba wakati wenzake wanafungua matatu anaanguka taratibu, na akianguka, masika ijayo hakuna wa kuiokoa nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hela hiyo ya masika ikae wapi? Isikae kwenye simu ya mmoja wenu, maana hela iliyoko kwenye simu ina ndugu wengi. Akaunti ya benki ya majina mawili inayohitaji saini zenu wote inatosha, au SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, kama kazini kwake wanayo. Akiwa safarini hela ikihitajika haraka, muwe mmeacha nyumbani kiasi cha dharura ambacho unakitoa bila kumpigia, kisha unamwonyesha akirudi.

Mtafiti wa Uingereza, Jan Pahl, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kushika fedha na kuwa na mamlaka juu ya fedha ni mambo mawili. Katika nyumba zenye kipato kidogo aliowachunguza, mke mara nyingi ndiye aliyekabidhiwa kusimamia hela, na kwake huo ulikuwa mzigo: kuigawanya hela isiyotosha ili itoshe, na kujinyima mwenyewe kwanza. Hela ya matumizi inayoachwa mezani asubuhi inaweza kuwa hivyo. Kuipokea hakukupi sauti yoyote. Sauti unaipata pale unapojua jumla ni kiasi gani. Wewe unajua shemeji aliingiza kiasi gani mwezi wa nane? Yeye anajua belo moja linakuletea faida gani? Nimekutana na wanandoa wa miaka mingi ambao hawana habari ya kipato cha mwenzao, na wote wawili wanakisia kikubwa kuliko kilichopo. Mume anadhani duka linalipa, mke anadhani wazungu wanamwaga dola. Kila mmoja anamsubiri mwenzake atoe.

Na inapofika kwenye watoto, mkono unaoshika hela una maana yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Uingereza ilibadili msaada wa watoto: badala ya nafuu ya kodi iliyoingia kwenye mshahara wa baba, fedha zikawa zinalipwa moja kwa moja kwa mama. Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales walipochunguza matumizi ya familia, wakaona kwamba baada ya mabadiliko hayo nguo za watoto na za wanawake zilinunuliwa zaidi kuliko awali, zikilinganishwa na za wanaume. Sikuelezi hili ili umnyang'anye shemeji pochi. Nakueleza ili mjue wote wawili kwamba "hela ni hela tu, haijalishi anashika nani" si kweli, na kwa hiyo mgawanyo wa maamuzi unastahili kikao.

Kuhusu kiwango, yaani bei ambayo mtu akiizidi lazima amuulize mwenzake. Sitakupa shilingi, kwa sababu bei zinapanda na nyumba hazifanani. Pimeni kwa chakula. Chochote kinachozidi hela mnayokula kwa wiki mbili, muulizane, awe ananunua yeye au wewe. Chini ya hapo kila mtu aamue bila kuhojiwa. Lakini vipo vitu vya kuulizana hata kama bei ni ndogo: mkopo wa aina yoyote, ukiwemo ule wa kwenye simu na ule wa lipa mdogomdogo, kitu chochote chenye gharama ya kila mwezi, kiumbe anayekula, awe mbwa au ng'ombe, na ahadi ya fedha kwa ndugu. Kila mmoja pia awe na hela yake ndogo ambayo haitolewi maelezo. Mwanaume anayeombwa risiti ya soda aliyowanunulia wenzake gereji atajifunza kuficha, na mwanamke anayeulizwa bei ya kusuka atajifunza hivyohivyo.

Akikwambia tena nyumba haiwezi kuwa na vichwa viwili, usibishane naye kuhusu nani kichwa. Muulize, akiwa porini Ndutu siku kumi na bomba likapasuka sebuleni, fundi aitwe au asubiriwe yeye? Atasema aitwe. Basi ameshakubali kwamba wewe unaamua, na kilichobaki ni kupanga mipaka. Nimeona wanaume wenye misimamo mikali sana wakilainika walipogundua kwamba wake zao hawatafuti cheo chao, wanatafuta kujua mapema. Hata hivyo, kama hasira yake imefika kwenye kukupiga au kukunyang'anya hela ya mauzo, ushauri wangu wote wa vikao usimame. Nenda ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwanza.

Sasa kiwanja, na hapa sheria irudi. Kwa Sheria ya Ndoa, mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina yote mawili, inachukuliwa kuwa mna hisa sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inawatambua wanandoa kuwa wamiliki wa pamoja wa ardhi iliyopatikana kwa matumizi yao wote, isipokuwa hati ikisema wazi kwamba mmoja ameichukua kwa jina lake peke yake. Kwa hiyo jina lina uzito, nami nasema yaandikwe yote mawili.

Utasikia watu wakikwambia, "Mahakama itakupa tu, hata kama jina halipo." Ni kweli kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa wanawake wa nchi hii. Lakini wasimuliaji wengi wanaishia hapo. Bi. Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa fedha za kujengea nyumba akazitumia kwa mambo mengine. Mahakama inaangalia nani alifanya nini na fedha. Lile daftari la friza na la mtaji lina kazi hapa pia: linaonyesha kwamba wakati shemeji anaweka akiba ya kiwanja, wewe ndiye uliyekuwa unalisha nyumba. Bila unga wako, akiba yake isingekuwepo. Mwambie hivyo, kwa upole, huku daftari likiwa wazi mbele yenu. Kiwanja hicho kitakuwa kimenunuliwa na wote wawili, kama ambavyo nyumba za kahawa zilijengwa pia na ndizi.

Kabla fedha haijatoka, nendeni wote wawili mkakione, na msiende Jumapili moja tu kiangazi. Rudini mvua ikinyesha, muone maji yanapita wapi. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji awaeleze historia ya eneo, majirani wa pande zote waonyeshe mipaka, na mwanasheria aandike mkataba wa mauziano. Muuzaji kama ana mke, mke wake awepo na atie saini ya kuridhia. Ardhi ya familia iliyouzwa bila ridhaa ya mwenza inaweza kuwarudisha mahakamani miaka kumi baadaye, mkiwa mmeshaezeka.